Nilivyostaafu Ujenerali Juu ya Mgongo wa Biskuti

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Mgongo unauma, goti la kushoto linalalamika nikipanda ngazi za stesheni, na nikiona farasi kwenye televisheni nakaa wima bila kupenda. Wengine wakistaafu wanapewa saa ya ukutani. Mimi nimepewa mitihani ya mwisho ya sekondari. Kabla hesabu hazijanizika nawaandikia nyinyi mnaorithi kazi, hasa wewe Baraka, ambaye nasikia umeshaanza kujipima kofia stoo wakati hakuna mtu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu karibu wote mmetoka kanisani kwetu, na kwa sababu meneja hasomi Kiswahili.

Habari za mshahara sizigusi. Za vyeo pia, maana cheo kilikuwa kimoja tu, jenerali, na nilikipata siku ya kwanza kabla hata sijaonyeshwa choo.

Kwa ambaye hajafika: nje kidogo ya Penrith, magharibi kabisa ya Sydney, treni ikishakuchosha kabisa na basi likamalizia, kuna jumba la mawe ambalo siku hizi ni makumbusho. Lilijengwa na Jenerali Ottershaw, askari wa farasi wa karne ya kumi na tisa ambaye uzeeni aligeuka mwanasiasa. Kila Jumapili mchana mtu mmoja anavaa nguo za Jenerali, anapanda farasi, anawasimulia wageni maisha yake, halafu anagombea ubunge upya dhidi ya mwokaji mikate wa kijiji. Wageni wananyoosha mikono, mshindi anapatikana, watu wanaenda kunywa chai. Kwa miaka miwili mtu huyo nilikuwa mimi, Fabrice, mtoto wa Mama Fabrice wa Cabramatta, Mrundi niliyepitia kambini Tanzania.

Najua mnachotaka kuuliza. Picha ya Jenerali iko sebuleni na uso wake ni mwekundu kama nyanya ya kupikia. Lakini makumbusho yalitaka mtu anayeweza kukaa juu ya farasi bila kulia, na mwenye kiuno cha kuingia kwenye suruali iliyokuwepo. Tulijitokeza wawili. Mwenzangu alilia.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Kev, mzee aliyekuwa dereva wa basi maisha yake yote, kisha akawa Jenerali mpaka nyonga ikamshinda. Kev hakunifundisha historia. Alinipandisha kwenye ngazi ya kupakia rangi, akaniambia niseme lolote, akasimama chini mikono kiunoni.

"Unawatazama machoni," akasema.

"Si ndiyo adabu, mzee?"

"Wewe ni mwanasiasa, adabu ya nini? Tazama ile miti nyuma yao. Watadhani unaona mbali."

Somo la pili lilikuwa maswali. Ukiulizwa gumu, shika sharubu. Ukiulizwa gumu zaidi, geuza farasi. "Hakuna mtu anayebishana na matako ya farasi," Kev alisema, na katika kazi hii sijapata kusikia neno la kweli kuliko hilo.

Vifaa ni vichache. Sharubu zinabandikwa kwa gamu. Msitumie ile ya kwenye kopo jekundu, mimi nilienda shule Jumatatu na nusu sharubu, mwalimu wa kemia akanipa heshima ambayo sikuistahili. Upanga ni wa bati na umepinda kushoto, kwa hiyo ukiwaelekezea adui mkono wako unaelekea gari la aiskrimu. Kofia ina manyoya marefu, na nzi wa Penrith wanayapenda kuliko wanavyopenda nyama.

Na farasi. Kwenye mchezo anaitwa Radi. Zizini anaitwa Biskuti. Ni jike, mzee, tumbo limeshuka, mdomo wa chini unaning'inia kama wa mjomba aliyesinzia ibadani. Hakimbii. Kev alinieleza kwamba zamani aliwahi kukimbia mara moja na hakuona faida. Lakini siku ile ya kwanza, nikihangaika kupanda, aligeuza shingo akanitazama kwa muda, akashusha pumzi, akasimama kama ukuta mpaka nikapanda. Watu wachache sana wamewahi kunisubiri hivyo bila kuniambia niharakishe.

Sasa maisha ya Jenerali mwenyewe, maana mtayasema kila Jumapili mpaka myaote. Cheo cha kwanza baba yake alimnunulia, kama sisi tunavyonunuliwa viatu vya shule: kikubwa kidogo, ili akikulie. Akapelekwa vitani. Kwenye bonde moja farasi wake alichomwa na nyigu, akatoka mbio kuelekea mizinga ya adui, naye akipiga kelele asimamishwe. Kikosi kizima kikadhani ni amri, kikamfuata. Adui hawakuwahi kuona wazimu wa aina ile, wakakimbia. Akapewa nishani. Nyigu hakupewa kitu.

Akaja Sydney akapewa ardhi kando ya mto. Aliyeitoa haikuwa yake, aliyeipokea hakuuliza, na wenyeji waliokuwa pale hawakuitwa kikaoni. Halafu akagombea ubunge. Aliahidi kila mpiga kura skoni, vile vikate vya chai vya Waingereza, na jamu, akashinda. Akagombea tena, skoni tena, akashinda tena. Bungeni alihutubia mpaka spika akaenda kula akarudi. Akawa waziri wa barabara na akajenga moja, kutoka mlangoni kwake mpaka bungeni. Mpinzani wake wa siku zote alikuwa mwokaji mikate, Bwana Pocock, ambaye sera yake ilikuwa moja tu: malisho ya chini, kule mtoni, yabaki wazi kwa watu wote na wanyama wao, na asiuzwe farasi yeyote aliyezeekea kazini. Pocock alishindwa mpaka akafa.

Pocock wetu alikuwa Njeri. Tulisoma darasa moja, mama yake ni nesi kutoka Nakuru, na kwa sababu wavulana wote walikataa kuoka mikate hata ya uongo, yeye alibandikwa ndevu za kahawia zilizofika kifuani. Alihutubia vizuri kunizidi mbali. Kila Jumapili alipata mikono minne, mitano, wa sita akiwa mtu anayejinyoosha. Watu hawampi kura mtu aliyesimama kwenye ndoo wakati yupo mwingine juu ya farasi.

Kwa mwaka mmoja na nusu hilo halikumsumbua mtu. Halafu meneja wetu, Bi Margot, akapata wazo.

Wazo lilikuwa bango langoni: KURA YAKO NI YA KWELI. Maana yake, Jumapili ya mwisho ya msimu, mbele ya bodi nzima ya makumbusho, atakayeshinda ahadi yake itatekelezwa kweli, pale pale, mwaka mzima. Bi Margot hakuwa mjinga. Alijua nani hushinda, na skoni ni rahisi. Wiki hiyo hiyo akatukusanya zizini kutuambia habari njema nyingine. Malisho ya chini yatawekwa lami, yawe maegesho ya magari. Biskuti ataondoka. Mahali pake ataletwa farasi wa plastiki mwenye magurudumu, kichwa kinatikisika kwa betri.

"Biskuti anaenda wapi?" Njeri akauliza.

"Kuna bwana ananunua farasi wazee."

"Anawafanyia nini?"

Bi Margot akashika shanga zake jinsi mimi nilivyofundishwa kushika sharubu. Alipoondoka Kev akatema mate. "Chakula cha mbwa," akasema. Biskuti alikuwa nyuma yake anatafuna mkono wa koti lake, hana habari.

Nilimfuata Bi Margot hadi ofisini. Nikamwomba, kwa adabu yote ya nyumbani kwetu, mikono nyuma, kwamba mwaka huu Jenerali aahidi kitu kingine.

"Historia haibadilishwi, Fabrice. Hata neno moja."

"Jenerali alipanda farasi wa betri?"

"Hiyo ni usalama kazini."

Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi, hata mimi niliiweza. Nikishinda, Biskuti anakuwa chakula kwenye bakuli la mbwa. Akishinda Njeri, anabaki. Kilichobaki ni mimi kushindwa, na kushindwa nilidhani ninakujua, nimesoma fizikia.

Jumapili ya kwanza nilijaribu ukweli. Hotuba ya Jenerali ilikuwa yangu kupamba, mradi niishie kwenye skoni. Nikawaambia wageni kila kitu: nyigu, ardhi, barabara ya kwenda mlangoni kwake. Nikasema, "Mimi ni mwoga, ni mwizi, na hotuba zangu ni ndefu." Wakashangilia. Baba mmoja mwenye kaptula akapiga mluzi. "Angalau huyu anasema wazi!" Mikono yote juu. Njeri alipata mmoja, wa mtoto aliyependa ndevu.

Jumapili iliyofuata nilijaribu matusi. Nikawaambia wana sura za watu wanaopoteza funguo. Wakapanga foleni ya selfi.

Iliyofuata nikawasihi kabisa. Nilivua kofia nikasema, "Jamani, msinichague. Mchagueni mwokaji, ana akili." Bibi mmoja akafuta machozi akamwambia mumewe kwamba unyenyekevu kama huu haupo tena bungeni Canberra.

"Buda, wewe hujui hata kufeli," Njeri akaniambia zizini huku anang'oa ndevu. "Kwa hesabu unafeli kila siku bila kujaribu. Hapa unashindwaje kushindwa?"

"Nifanye nini sasa?"

"Sijui. Anguka."

Nikaanguka, Jumapili iliyofuata. Nilijitupa kutoka kwa Biskuti katikati ya neno "taifa". Goti langu ndipo lilipoharibikia. Kura zikaongezeka.

Ikabaki siku ya mwisho, ile ya bodi. Na hapo ndipo kanisa likaamua kuja.

Sikuwaita. Lilikuwa jambo la Mama Espérance. Kama mmeoa au mmezikwa ndani ya jamii yetu hapa Sydney magharibi, chapati mlizokula alizipika Mama Espérance. Alinibeba mgongoni kambini mama yangu akiwa na homa, na hajawahi kuacha kunikumbusha. Alikuwa amesikia kwamba kuna mtoto wetu ni jenerali na hakuna hata mtu mmoja wa kwetu aliyeenda kumshangilia. Akakodi basi. Akapanga watu. Ibada ikafupishwa, jambo ambalo hata ubatizo haujawahi kuliweza.

Nilijaribu kuzuia nikiwa jikoni, mama anavaa viatu vya zamu; anafanya kazi nyumba ya kulea wazee.

"Mama, mkija, mpigieni kura Njeri."

"Njeri wa nani?"

"Yule Mkenya. Mama, nikishinda wanamuuza farasi. Anachinjwa."

Mama akafunga kamba ya kiatu cha kwanza. "Farasi ni farasi. Wewe ni mtoto."

"Lakini mimi nataka kushindwa."

"Watu basi zima watoke Cabramatta, wavae vitenge, wafike huko wampe kura mtoto wa watu, na wa kwetu yupo pale juu anawatazama? Watasemaje?" Akafunga cha pili. "Usiogope, mwanangu. Tutakupa zote."

Siku yenyewe ilikuwa na jua la kuchubua. Bodi walikaa kivulini, wazee sita wa kola nyeupe, Bi Margot katikati yao akitabasamu kama mlango wa friji. Wageni wa kawaida walikuwa wachache. Halafu basi likaja, na malisho yale ya chini yakajaa vitenge, watoto, na yale masanduku ya barafu ambayo hapa wanayaita eski, ila ya kwetu hayakuwa na barafu. Yalikuwa na chapati, zimefungwa taulo zisipoe. Nilihesabu vichwa kutoka juu ya Biskuti. Kwa watu wale, mwokaji mikate hakuwa na nafasi hata kama angegawa mikate.

Njeri alihutubia kwanza. Alisema juu ya mto, na nyasi, na mnyama aliyekufanyia kazi mpaka meno yakaisha. Alisema mpaka Kev akageukia ukutani. Wamama wetu wakapiga makofi ya heshima, yale ya kumpigia kwaya ya kanisa jirani.

Ikafika zamu yangu. Kabla sijafungua mdomo vigelegele vikaanza. "Jenerali wetu! Jenerali wetu!" Mama alikuwa amesimama mbele kabisa, simu juu. Nikatazama miti nyuma yao. Miti haikunisaidia.

Mama Espérance akasogea mpaka kwenye kwato za Biskuti, mkononi chapati imekunjwa mara nne ndani ya karatasi, mafuta yanang'aa.

"Mwanangu, kula kwanza. Kiongozi hahutubii na njaa. Bon, shika."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kula."

Nikaichukua. Nikaikunjua, nikakata kipande, nikatafuna. Watu wote wa kwetu wananitazama wanatabasamu, wanangoja nifumbe macho kama ninavyofanya siku zote. Chini yangu Biskuti alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na nikausikia mgongo wake wote ukisogea.

Nikatema.

"Ngumu," nikasema kwa Kiswahili. Kisha kwa Kiingereza, kwa faida ya bodi. "Jeshi langu lilikuwa na tandiko laini kuliko hii. Mama, hii umeipika lini, kabla ya vita?"

Hakuna aliyecheka. Nikainama nikampa Biskuti iliyobaki. Biskuti, ambaye amewahi kula koti, kofia ya mtalii na tangazo la harusi, aliinusa, akaiweka mdomoni, akaifikiria. Akaiachia ikaanguka mavumbini.

Mimi sikumfundisha hilo. Ningekuwa na akili ya kulifundisha nisingefeli jiografia.

Mama Espérance aliiangalia chapati yake chini, halafu akanitazama, na uso wake haukuwa na hasira. Ungekuwa na hasira ningepona haraka. Alipangusa mikono kwenye kitenge taratibu, akarudi kwenye eski yake, akaifunga.

"Jenerali anawaahidi skoni na jamu," nikamalizia.

Bi Margot akasimama kuuliza kura. Mkono wa kwanza kunyooshwa kwa mwokaji ulikuwa wa mama yangu. Haukunyooka, ulipaa. Baada yake basi zima. Kina baba waliokuwa wamesinzia waliamshwa wanyooshe. Kwangu mimi kulikuwa na yule baba mwenye kaptula, aliyekuwa amerudi, na wazee wawili wa bodi waliodhani tumefika kwenye chai.

Njeri alisimama kwenye ndoo yake ndevu zinaning'inia upande mmoja, mdomo wazi. Bi Margot alihesabu tena. Akahesabu kwa kidole. Simu zilikuwa juu, zinarekodi, na mwenyekiti wa bodi, mzee mwenye kifaa cha sikio, akasema kwa sauti kubwa kwamba hili ni jambo zuri sana, demokrasia, na hizo nyasi zitakaa pale pale, ndiyo? Bi Margot akasema ndiyo. Alisema jinsi mtu anavyomjibu daktari wa meno.

Hivyo ndivyo Biskuti alivyobaki. Lami ilipelekwa kwingine. Mwokaji aliposhinda, mchezo ulilazimika kumpa yeye chai ya heshima, na mimi nikaambiwa nirudishe nguo za Jenerali. Barua ya kuniachisha haikuwepo. Bi Margot alinitazama tu nikaelewa kwamba nahitaji muda wa kujisomea.

Sasa Baraka, usifikiri nilitoka pale shujaa. Kwenye basi la kurudi hakuna aliyekaa karibu nami. Tulipofika nyumbani Mama akasema maneno mawili tu. "Jumamosi. Utaenda." Jamaa mmoja wa vijana wa kanisa akaanza kuniita Bwana Tandiko, na jina limeshika, hata mchungaji aliteleza nalo kwenye matangazo.

Jumamosi nikaenda. Mama Espérance anakaa ghorofa ya pili, nyuma ya maduka. Alinifungulia, hakunikaribisha wala hakunifukuza, akarudi jikoni. Nikafuata. Nikapiga goti lile bovu. Nikaomba msamaha, nikaeleza yote, bango, maegesho, mnunuzi, skoni. Alikuwa anasukuma donge, hakusimama.

"Huyo farasi amebaki?"

"Amebaki, Mama. Anakula nyasi."

"Hm." Akageuza chapati kwenye kikaango. "Inuka, unanizuia njia."

Akaweka moja kwenye sahani mbele yangu. Nikala. Sikufumba macho, niliogopa.

"Ngumu?"

"Laini, Mama."

"Na ya siku ile?"

Ningeweza kushika sharubu, kama ningekuwa nazo. "Laini vile vile."

Akasimamisha mti wa kusukumia, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Kwa hiyo majuma yote hayo umewaambia watu ukweli, wakakupa kura. Siku moja ukadanganya, wakakunyima."

"Ndiyo, Mama."

"Siasa huiwezi," akasema, na akasogeza sahani ya pili. "Kula. Usome."